Magari Yako Mbali, Barabara Iko Kwetu

Wajukuu zangu wa Tunduma, ninyi hamhitaji kufundishwa gari ni nini. Mnalala na ngurumo za semi zinazosubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, na honi zake ndizo zinazowaamsha. Mtoto wa hapa hajaanza darasa la kwanza, tayari anatofautisha Scania na Howo kwa mlio tu. Lakini nikiwauliza ni wapi gari huwekwa kwa heshima mpaka watu wakalipa kiingilio walitazame bila kulipanda, naona mnatazamana.

Sogeeni basi. Leo nawapeleka makumbusho ya mbio za magari, yaliyojengwa palepale magari yalipokuwa yakishindana. Tutaanzia Uingereza, tupitie Nairobi na Dar es Salaam, kisha tumalizie hapa kwenye foleni yenu.

Kusini-magharibi mwa London, penye mji wa Weybridge, kuna mahali panaitwa Brooklands. Mwaka 1906 palikuwa shamba la tajiri mmoja, Hugh Locke King. Enzi hizo gari lilikuwa kitu kigeni, na sheria ya Uingereza ilikataza gari kuzidi maili 20 kwa saa barabarani, yaani kama kilomita 32. Bodaboda wa Mpemba angecheka. Watengenezaji magari wao hawakucheka, kwa sababu utajuaje kama injini yako ni imara ikiwa huruhusiwi kuikimbiza? Huko Ufaransa barabara zilikuwa zikifungwa ili watu washindane, Waingereza wakabaki watazamaji.

Locke King akaamua kutoa ardhi yake na fedha zake, ajenge njia ya kukimbizia magari tu, mbali na watembea kwa miguu na mikokoteni ya farasi. Ilifunguliwa tarehe 17 Juni 1907. Gharama nusura zimfilisi, na mkewe Ethel ndiye aliyeshika mambo yasiporomoke. Siku ya ufunguzi Ethel mwenyewe alikaa kwenye usukani, akaongoza msafara wa magari kuzunguka njia mpya.

Sasa tuingie. Kabla ya gari lolote nataka mwone ukuta. Ukisimama chini yake unainua shingo, maana umepanda kiasi cha mita 9, na ni wa zege tupu, lenye nyufa na majani yaliyochomoza kwenye viungo. Utadhani ni bwawa la maji lililokauka. Kumbe ni kona ya barabara! Njia ile ilikuwa na urefu wa kilomita 4.4 na upana wa mita 30, na kwenye kona zake upande wa nje uliinuliwa namna hiyo.

Kwa nini uinuliwe? Gari likiwa kasi, hata ukikata usukani, lenyewe linataka kuendelea mbele moja kwa moja. Tairi ndizo zinazolilazimisha kupinda, na zikishindwa kushika, gari linachomoka nje ya kona. Mmeona yakitokea mlima Senjele. Sasa chukueni gololi, mtie ndani ya beseni, mlizungushe beseni haraka. Gololi inapanda ubavuni na kuzunguka bila kuruka nje, kwa kuwa ule ubavu unaisukuma irudi ndani. Kona ya Brooklands ilifanya kazi hiyohiyo kwa gari la tani nzima na zaidi. Aliyekimbia polepole alipita chini, na aliyekimbia sana alipanda juu kabisa karibu na ukingo, ambako akikosea kidogo anatokomea upande wa pili.

Zege lile lilikuwa na ila yake. Udongo wa chini ulititia taratibu, mabamba yakapishana, njia ikajaa matuta. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo magari yalivyozidi kurushwa. Ipo picha moja maarufu ya gari kubwa la rangi ya fedha, magurudumu yake yote manne yakiwa hewani.

Gari hilo halikupotea. Limo humo humo kwenye makumbusho, linaitwa Napier-Railton. Lilitengenezwa mwaka 1933 kwa ajili ya dereva John Cobb. Lisogeleeni. Boneti yake ni ndefu sana, na chini yake kuna injini ya ndege yenye silinda 12 na ujazo wa karibu lita 24. Semi nyingi zinazopita hapa mpakani zikiwa zimebeba shaba zina injini ya lita 12 au 13. Kwa hiyo Cobb alikuwa na injini yenye ujazo wa karibu semi mbili, peke yake, bila tela, bila mkanda wa kiti, kichwani kofia ya kitambaa. Halafu chungulieni magurudumu ya mbele. Hakuna breki. Breki ziko nyuma tu. Mwezi Oktoba 1935 Cobb alizunguka njia yote kwa wastani wa kilomita 230 kwa saa, na hakuna aliyewahi kuivunja rekodi hiyo.

Msichana aliyekaa kule nyuma anataka kuuliza kama kulikuwa na wanawake. Walikuwapo, ingawa kwa miaka mingi walizuiliwa kushindana na wanaume. Mmoja wao ni Kay Petre, mzaliwa wa Kanada. Urefu wake haukufika hata mita moja na nusu, mpaka ikabidi pedali za gari lake ziongezwe vibao ili miguu ifike. Mwaka 1935 alilikimbiza gari la Delage la lita 10.5 katika njia ile kwa kilomita 216 kwa saa, juu ya matuta yaleyale. Atakayewaambia usukani unataka kifua kipana, mtajieni huyo.

Mwaka 1939 vita vikuu vikaanza na mbio zikasimama. Uwanja ukageuzwa wote kuwa wa kiwanda cha ndege, kwa sababu kampuni ya Vickers ilikuwa tayari ikitengenezea ndege hapo pembeni. Vita vilipokwisha, Vickers ikanunua mahali pote, na sehemu ya ukuta ikabomolewa ili ndege kubwa zipate nafasi ya kuruka. Magari hayakushindana tena. Miti ikaota juu ya zege, na miaka mingi ikapita kabla ya wapenzi wa historia kusafisha kipande kilichobaki. Makumbusho yakafunguliwa kwa umma mwaka 1991.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo habari inapogeuka kuwa yetu.

Katika kiwanda hicho, juu ya uwanja huo wa mbio, ilitengenezwa ndege ya abiria iitwayo VC10. Waliobuni ndege hiyo walipewa sharti gumu: iweze kuruka kutoka viwanja vya Afrika. Uwanja kama wa Nairobi uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Mahali palipoinuka na penye joto hewa huwa nyepesi, bawa linapata kidogo cha kuegemea, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Mafundi wakazihamisha injini zote nne, wakazifunga mkiani, ili mabawa yabaki mapana na safi yabebe uzito. Kwa maneno mengine, umbo la VC10 liliamuliwa na hewa yetu.

Kuanzia mwaka 1966 zilinunuliwa tano na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. VC10 zilizotengenezwa zilikuwa 54 tu, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970, ilikuwa ya shirika hilo. Namba yake ya usajili ilikuwa 5H-MOG. Hiyo 5H ndiyo alama ya ndege za Tanzania, hadi leo mtaiona kwenye ndege za ATCL. Shirika la pamoja lilivunjika mwaka 1977, na ndege hiyo ikaishia kwenye jeshi la anga la Uingereza ikiwa ya kujaza mafuta ndege nyingine angani. Ilistaafu mwaka 2013, ikahifadhiwa Dunsfold, si mbali na Brooklands.

Na penye makumbusho yenyewe ipo VC10 nyingine iliyokuwa ya kifalme, ya Sultan Qaboos wa Oman. Mwaka 1987 iliruka hadi Brooklands kwa safari yake ya mwisho, ikatua juu ya uwanja uleule ilipozaliwa, ikakabidhiwa iwe zawadi. Mzanzibari mwenye ndugu Muscat akienda Brooklands kutazama magari ya mbio anakutana na ndege ya Sultani wa shangazi yake.

Basi hayo ni ya Ulaya. Mtaniuliza, sisi huku tulikuwa na uwanja gani? Kenya ilikuwapo njia ya kuzunguka karibu na Gilgil, ikiitwa Langa Langa. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wanazungumzia mashindano ya huko, mpenzi mmoja wa magari aitwaye Neil Vincent alimwambia binamu yake Eric Cecil kuwa kuzungukazunguka mahali pamoja kunamchosha. Yeye angekubali kama watu wangefunga milango ya magari yao, wakaenda nusu ya Afrika na kurudi, atakayetangulia kufika nyumbani akawa mshindi. Cecil hakulipuuza neno hilo. Mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa, mashindano yakaanza, yakikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na dunia nzima ikayajua kwa jina la Safari Rally.

Hapakuwa na ukuta wa zege wala kiingilio. Uwanja ulikuwa barabara ileile anayopita mkulima na mbuzi wake. Baadaye mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, na mnajua Pasaka huku kwetu ni masika. Mahali palipokuwa na vumbi la kuziba pua asubuhi, jioni pana tope la kufika milangoni. Ndani ya gari walikaa wawili: dereva, na msoma ramani anayemwambia mapema kona gani inakuja, daraja liko wapi, wapi pana korongo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena.

Nani alishinda? Jina la kwanza la kukumbuka ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi makanika kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo iliyokwisha kutumika, si gari jipya la kiwandani, wakawaacha wengine wote nyuma. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, Wakenya wakamwita Simba. Ufundi ulimsaidia kuliko ujasiri. Aliyewahi kufungua injini kwa mikono yake anaisikia inapolalamika, akapunguza mwendo kabla haijafa.

La pili ni la kwetu. Miaka ya 1966 na 1967 mfululizo mshindi alitoka Dar es Salaam: Bert Shankland, Mskoti aliyeyafanya makazi yake Tanzania, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Ulizeni wazee wa Vwawa au Mlowo kuhusu Peugeot 404, mtaona nyuso zinavyochangamka. Gari hilo lilibeba abiria, magunia na kuku wa harusi katika barabara ambazo leo trekta lingesita. Watu waliliamini kwa sababu waliliona likishinda kwenye tope lilelile linalowasumbua wao. Kampuni za magari zililijua hilo. Nissan walipoleta Datsun zao miaka hiyo walitaka dunia ijue kuwa likitoka zima Afrika Mashariki, litatoka zima popote.

Sasa yako wapi magari hayo? Volvo ya Joginder inatunzwa Uswidi na kampuni iliyoitengeneza. Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, iko Zama nchini Japani, ndani ya hifadhi ya magari ya Nissan. Mtoto wa Japani anaweza kuisogelea, akaona taa zake kubwa za mbele za kumulika usiku wa Afrika. Mtoto wa Tunduma hawezi. Mashindano nayo yalihama: katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Leo makao yake ni Naivasha, ambako mwaka 2021 yalirudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Tanzania tunayo Mkwawa Rally, ambayo miaka hii imekuwa ikifanyika Morogoro, na madereva wa Afrika huja kugombea pointi za ubingwa wa bara.

Msije mkanung'unika kwamba wenzetu wamebeba kila kitu. Rudini Brooklands kidogo. Magari ya zamani yako kila mahali Ulaya, yamepangwa kwenye kumbi safi zenye taa. Kinachomtoa mtu nyumbani kwenda Brooklands ni lile zege bovu. Ni kusimama chini ya ukuta na kuelewa kwa mwili wako Cobb alipita wapi. Gari hupakiwa melini likapelekwa Japani, lakini kona haipakiwi. Na ninyi mmekaa juu ya barabara yenye habari nzito kuliko mashindano yoyote.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili waendelee kuwatawala Waafrika. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na mafuta yake karibu yote yalipitia huko kwa walowezi. Mwezi uliofuata mafuta yakakatika. Migodi ya shaba ilikuwa hatarini kusimama. Mlango mkubwa uliotegemewa ulikuwa bandari ya Dar es Salaam, na kutoka huko zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, kisha Zambia.

Msifikirie lami mnayoiona leo. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo. Malori yalipakia mapipa ya mafuta, yakapanda Kitonga kwa gia ya kwanza, yakavuka nyanda za Iringa na Mbeya, yakaingia Mbozi kwenye udongo wake mzito ambao mvua ikinyesha unashika tairi kama una deni nalo. Yakirudi yalibeba shaba. Lori lililopinduka na mapipa liliweza kuwaka likaisha. Utingo alitembea mbele usiku na tochi kupima kina cha tope kwa fimbo, jembe na minyororo vikiwa tayari juu ya mzigo. Njia hiyo ikaitwa Mbio za Jehanamu. Tofauti yake na Safari Rally ni kwamba hapakuwa na kombe mwisho wa safari, na aliyekwama hakujichelewesha mwenyewe tu, alichelewesha nchi nzima.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola likakamilika, barabara nayo ikaendelea kutiwa lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mapipa yakaacha kupita. Madereva wale wakazeeka, na wengi wamekwenda na habari zao.

Kuna anayewaza kwamba makumbusho ni mambo ya watu wa London. Aende Ndolezi, hapo hapo Mbozi. Kimondo chetu, pande la chuma la tani 12 au zaidi lililotoka angani, kimeachwa palepale kilipokutwa, na wageni wanatoka mbali kukifuata. Hakuna aliyehitaji kukipeleka mjini ndipo kithaminiwe. Mkoa wetu wa Songwe tayari unajua kuhifadhi chuma mahali pake.

Kwa hiyo nawapa kazi. Jumba tuliache kwanza, jumba lina gharama zake. Likizo hii kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyeendesha au aliyekuwa utingo kwenye barabara ya Zambia kabla ya lami, awe Tunduma, Mpemba, Vwawa au Mlowo. Mwamkieni, mkae, mwulizeni: Lori lilikuwa la aina gani? Dar hadi hapa siku ngapi, kiangazi na masika? Mlikwama wapi zaidi, na mlitokaje? Mlikula nini, mlilala wapi? Nani hakurudi? Andikeni majibu kwa jina la mahali na mwaka, kama ana picha au leseni ya zamani ombeni muipige picha, kisha mpelekeeni mwalimu wenu wa historia. Na mkiwa njiani kwenda kwa mzee huyo, tembeeni pembeni kabisa mwa barabara. Locke King alijenga uwanja wake mwaka 1907 ili mbio ziwe na mahali pake, na foleni ya Tunduma sipo.